Haplotaipu moja Bukavu, Kalehe na Idjwi: je, sambaza wa Kivu ni kundi moja?

Swali limetoka kwa mwanafunzi wa Bukavu anayeandika memwari (tasnifu ya kumaliza masomo). Alinunua sambaza 40: 20 kwenye soko la Kadutu, 10 kwa mama mmoja anayeleta samaki kutoka Kalehe, na 10 kwa wachuuzi wa Idjwi. Akaongeza tilapia 12 wa sokoni. Maabara ya nje ilimsomea jeni ya COI ya mitokondria, na sambaza karibu wote wakatoka na haplotaipu ile ile, yaani mfuatano ule ule wa besi. Anauliza: «Naweza kuandika kwamba sambaza wa ziwa zima ni kundi moja la uzazi? Promota (msimamizi wangu) anasema sampuli hazitoshi, lakini hasemi zingetosha ngapi. Na tilapia wawili wametoka na jina tofauti na lile nililowapa kwa macho. Kosa liko wapi?»

Jibu fupi: hapana, huwezi kuandika hivyo, na hata ukisoma sambaza 400 bado hutaweza. Idadi ya sampuli ni tatizo la pili. La kwanza ni kwamba umeiuliza DNA ya mitokondria swali ambalo, kwa samaki huyu na ziwa hili, haina namna ya kulijibu.

Anza na historia. Sambaza, Limnothrissa miodon, si mwenyeji wa Kivu. Alitolewa Tanganyika na kumwagwa humu kati ya 1958 na 1960 akiwa kifaranga, pamoja na vifaranga wa Stolothrissa, yule ndagala mdogo. Stolothrissa hakushika, Limnothrissa akashika. Kwa hiyo sambaza wote unaowaona kuanzia Kituku hadi Nguba ni wazao wa shehena hiyo, na wako humu kwa miaka sitini na kitu tu. Samaki huyu huzaa kabla hajafikisha miaka miwili. Tukadirie kizazi kimoja kwa mwaka, tunapata vizazi kama 65.

Sasa pima kasi ya DNA yenyewe. Makadirio ya kawaida kwa jeni za mitokondria za samaki ni kama asilimia 1 ya mabadiliko kwa kila ukoo katika miaka milioni moja. Kipande chako cha COI kina besi 650 hivi. Zidisha: besi 650 mara 0.01 ni mabadiliko 6.5 kwa miaka milioni, na kwa miaka 60 ni 0.0004. Yaani samaki mmoja kati ya 2,500 hivi ndiye angebeba badiliko lililozaliwa ndani ya Kivu. Wewe umesoma 40. Kila tofauti uliyoiona, na kila mfanano uliouona, ulipanda kutoka Tanganyika ndani ya vyombo vya vifaranga. Kukuta haplotaipu ile ile Kalehe na Bukavu hakukuambii kama samaki wa Kalehe wanaogelea hadi Bukavu. Kunakuambia kwamba bibi zao walisafirishwa pamoja.

Unaweza kusema: sawa, haplotaipu ni zile zile, lakini huenda uwiano wake unatofautiana. Kama beseni la Bukavu, ile sehemu ya kusini ya ziwa, limetengwa, bahati ya uzazi ingepaswa kuupotosha uwiano polepole. Hoja hiyo ni nzuri, na ndiyo inayopimwa na FST, kipimo cha tofauti ya uwiano kati ya makundi. Ila fanya hesabu kabla ya kulipia maabara. Kwa jeni inayopitia mama peke yake, tofauti inayotarajiwa baada ya vizazi t, hata kama makundi mawili yametengwa kabisa, ni takriban 1 − (1 − 1/N)^t, ambapo N ni idadi ya majike wanaozaa kweli. Weka t = 65. Majike wakiwa 100 tu, unapata 0.48, tofauti kubwa ambayo hata samaki 20 kwa kila eneo wangeionyesha. Wakiwa 1,000, unapata 0.063, na hapo unahitaji sampuli nzuri. Wakiwa 100,000, unapata 0.00065, na hakuna memwari duniani itakayoipima. Sambaza wa Kivu wanavuliwa kwa mamilioni kila mwaka. Basi hata ukuta ungejengwa kesho yake baada ya kupandikizwa kati ya beseni la Bukavu na ziwa kuu, FST yako leo ingekuwa sifuri au karibu na sifuri. Tokeo la «hakuna tofauti» linapatikana kama wanachanganyika, na linapatikana vile vile kama hawachanganyiki. Kipimo chenye jibu moja kwa hali mbili zinazopingana si kipimo.

Ndiyo maana onyo hili linahusu pia jedwali la Tajima (kipimo D, kinachotumika kukisia kama idadi ya samaki ilibadilika zamani) na mchoro wa tofauti za jozi, ambavyo programu za kuchambua DNA hutoa bure. D hasi huandikwa haraka kuwa «idadi iliongezeka ghafla». Kwa samaki aliyeletwa, ongezeko hilo laweza kuwa la Tanganyika, la zamani sana, lililobebwa tu ndani ya haplotaipu kama mtu anavyobeba jina la ukoo. Usilihusishe na 1960.

Swali linalofaa data ya aina yako ni jingine, na kwa maoni yangu ni zuri kuliko lile la kwanza: ni kiasi gani cha utajiri wa haplotaipu za Tanganyika kilifika Kivu? Hapo historia inakusaidia badala ya kukuzuia. Unachukua sambaza wa Kivu na Limnothrissa wa kaskazini mwa Tanganyika, Uvira na Kalundu, idadi sawa kila upande, unasoma kipande kile kile, unalinganisha idadi ya haplotaipu na uanuwai wake. Vifaranga walioanzisha kundi la Kivu wakiwa wametoka kwa akina mama wachache, haplotaipu adimu za Tanganyika zitakosekana huku. Swali hilo lina majibu mawili yanayotofautiana, na data inaweza kuchagua kati yake. Kama ungependa mgeni mpya zaidi, yupo Lamprichthys tanganicanus, samaki mwingine wa Tanganyika aliyegunduliwa Kivu mwaka 2006. Mto Ruzizi hutiririka kutoka Kivu kwenda Tanganyika, tena kwa maporomoko na mabwawa ya umeme, kwa hiyo samaki huyo kupanda mwenyewe si jambo la kuaminika kirahisi.

Kwa kazi hiyo COI si chaguo bora. COI hubadilika polepole kwa sababu inatengeneza protini. Ni nzuri kwa kutaja spishi. Kwa tofauti za ndani ya spishi tumia eneo la udhibiti, ile sehemu ya duara la mitokondria isiyotengeneza protini wala RNA. DNA ya mitokondria ya samaki ni duara la besi 16,500 hivi lenye jeni 37: 13 za protini, 22 za tRNA, 2 za rRNA, na eneo hilo la udhibiti likiwa limekaa kati ya tRNA ya prolini na ya fenilalanini. Ndilo hubeba tofauti nyingi zaidi kwa kila besi. Kero yake ni mbili: mfululizo wa C nyingi hufanya usomaji uteleze, na katika baadhi ya samaki kuna vipande vinavyojirudia, kiasi kwamba samaki mmoja hubeba urefu zaidi ya mmoja. Ukiona mawimbi safi ya usomaji yanavurugika ghafla baada ya CCCCCCCC, si maabara imekosea. Soma kutoka upande wa pili na ukate hapo katikati.

Turudi kwenye sampuli, maana hapo promota wako ana haki, ingawa sababu kubwa si idadi. Soko si mahali pa sampuli. Kadutu hupokea sambaza wa Bukavu, wa Kalehe, wanaoshuka na boti kutoka Goma, na ndagala wakavu wanaopanda kutoka Uvira. Samaki 20 wa Kadutu ni samaki wa barabara na boti zote zinazofika Kadutu. Yule mama wa Kalehe naye huenda amenunua Minova. Sampuli inahesabika pale tu unapoijua mitumbwi: nenda asubuhi wavuvi wa usiku wanapotia nanga, uliza walikotega taa, andika alama za GPS za mahali pa nyavu, si za ufukweni.

Usichukue pia samaki 30 kutoka wavu mmoja. Samaki wa kundi moja la kuogelea huenda wamezaliwa pamoja, na utahesabu familia moja mara thelathini. Mitumbwi sita, miwili kila usiku kwa siku tatu tofauti, samaki watano kila mtumbwi: hapo una 30 wanaofaa. Idadi yenyewe hutokana na hesabu rahisi. Haplotaipu yenye uwiano wa asilimia 5 itakosekana kabisa katika samaki 10 kwa uwezekano wa 0.95 kipeo cha 10, ambao ni asilimia 60. Katika samaki 30 ni asilimia 21. Kuishusha chini ya asilimia 5 unahitaji samaki 59. Ndiyo maana samaki 10 wa Idjwi hawakuambii chochote kuhusu haplotaipu adimu, na kwa swali la waanzilishi ningekushauri 60 kwa kila ziwa badala ya 30 kwa kila bandari. Hilo ndilo jibu la «ngapi» ambalo promota hakukupa.

Kuhifadhi ndiko kunakoharibu kazi nyingi huku kwetu. Kata nyama ya ubavu wa kulia, nyuma ya pezi la mgongoni, kipande cha milimita 5 kwa 5, na uache ubavu wa kushoto mzima kwa ajili ya picha. Kwa tilapia inatosha ncha ya pezi. Tumbukiza katika kichupa cha mililita 1.5 chenye mililita 1 ya ethanoli ya asilimia 96. Kipande kisizidi moja ya tano ya ujazo, kwa sababu maji ya nyama hushusha nguvu ya ethanoli. Baada ya saa 24 imwage na uweke mpya. Ikishabadilishwa hivyo, umeme ukikatika wiki nzima sampuli haziharibiki, mradi vichupa visikae juani.

Kanyanga, pombe ya kienyeji, haifai, hata ile kali. Maji yake ni mengi mno, na vimeng'enya vinavyokata DNA huendelea na kazi ndani yake. Alikoli ya kuunguza iliyotiwa rangi ya buluu huweza kuhifadhi, lakini viongezo vyake hubaki katika DNA na kuzuia hatua ya mbele. Formalini usiiguse kabisa: hufunga DNA na protini pamoja, na kinachotoka ni vipande vifupi visivyosomeka. Ukikosa ethanoli, chumvi ya kupikia ni bora kuliko wengi wanavyodhani. Zika kipande chembamba katika chumvi kavu laini, mara kumi ya uzito wake, ufunge kichupa. Samaki wa moshi ni habari nyingine. Joto limeshakata DNA yake, na hata ukifaulu utapata vipande vya besi 150 au 200, vinavyotosha kutaja spishi na si zaidi.

Andika lebo kwa penseli juu ya kipande cha kalki na ukitie ndani ya kichupa. Bika na wino wa maka huyeyuka ethanoli ikivuja, na utabaki na vichupa 60 visivyo na majina. Mkasi na koleo vioshwe kati ya samaki na samaki kwa maji ya javeli (dawa ya klorini), sehemu moja kwa tisa za maji, kisha visuuzwe vizuri kwa maji safi. Javeli ikibaki itaunguza DNA ya samaki anayefuata.

Kutoa DNA si lazima ununue seti ghali ya dawa za maabara. Njia ya chumvi inafanya kazi vizuri kwa nyama ya samaki na inafanyika katika maabara yoyote yenye sentrifuji na bafu la maji. Kausha kipande juu ya karatasi hadi ethanoli iishe, ukate vipande vidogo, uweke mikrolita 400 za bafa (NaCl 0.4 mola, Tris milimola 10 ya pH 8, EDTA milimola 2), mikrolita 40 za SDS ya asilimia 20, na mikrolita 8 za proteinasi K ya miligramu 20 kwa mililita. Acha usiku mzima katika nyuzi 55 hadi 60. Asubuhi ongeza mikrolita 300 za NaCl ya mola 6, tikisa kwa nguvu nusu dakika, zungusha dakika 30 kwa nguvu ya 10,000 g. Protini hushuka na kuwa tonge jeupe. Nyonya maji ya juu bila kugusa tonge, ongeza isopropanoli ya ujazo ule ule, weka nyuzi 20 chini ya sifuri kwa saa moja, zungusha dakika 20, osha kwa ethanoli ya asilimia 70, kausha, yeyusha katika mikrolita 200 za maji safi.

Makosa ya hapa ni mawili tu yanayojirudia. La kwanza: kutokausha ethanoli ya kuhifadhia, ambayo hudhoofisha proteinasi, na kipande kinabaki kizima asubuhi. La pili: kuosha haraka mwishoni, chumvi ikabaki, na PCR (hatua ya kunakili DNA mara nyingi) ikakataa. Dawa ya la pili ni kuosha tena au kuipunguza DNA mara kumi kwa maji. Watu huongeza DNA wanapokosa mstari kwenye jeli. Mara nyingi tiba ni kuipunguza.

Kwa COI, praima za samaki (vipande vifupi vya DNA vinavyoanzisha unakili) zinazotumika sana ni TCAACCAACCACAAAGACATTGGCAC mbele na TAGACTTCTGGGTGGCCAAAGAATCA nyuma. Mchanganyiko wa mikrolita 25 kwa samaki mmoja:

maji 18.625
bafa ya mara kumi isiyo na magnesi 2.5
magnesi kloridi ya milimola 50, 1.25
dNTP (besi za kujengea nakala) za milimola 10 kila moja, 0.5
praima mbili za mikromola 10, 0.5 kila moja
Taq (kimeng'enya cha kunakili) ya yuniti 5 kwa mikrolita, 0.125
DNA 1

Usipime kwa kila kichupa. Kwa samaki 30, udhibiti hasi mmoja (kichupa kisichotiwa DNA) na udhibiti chanya mmoja (DNA inayojulikana kufanya kazi), tengeneza mchanganyiko mkuu wa vichupa 35, vitatu vikiwa vya akiba, bila DNA, yaani maji 651.9, bafa 87.5, magnesi 43.75, dNTP 17.5, kila praima 17.5, Taq 4.4, kisha gawanya mikrolita 24 kila kichupa. Pipeti haiwezi kunyonya 0.125 kwa uaminifu. Ukijaribu, nusu ya samaki watakosa Taq nawe utalaumu DNA. Soma pia lebo ya bafa: nyingi zina magnesi tayari, na ukiongeza tena utapata mistari ya ziada.

Mzunguko: nyuzi 95 dakika 2, kisha mara 35 za nyuzi 94 sekunde 30, nyuzi 54 sekunde 30, nyuzi 72 dakika 1, mwishoni nyuzi 72 dakika 10. Katika jeli ya agarosi ya asilimia 1.5 tarajia mstari mmoja karibu na besi 700, kwa sababu praima zenyewe zina besi 52 zinazoongezeka juu ya 655 za kipande. Mistari miwili: panda nyuzi 2 kwenye hatua ya 54. Mburuzo usio na mstari: DNA nyingi mno. Mstari kwenye udhibiti hasi: tupa kila kitu cha siku hiyo, pamoja na maji na vichupa vilivyofunguliwa. Umeme ukikatika katikati ya mzunguko wa ishirini usiendelee kutoka hapo. Anza upya na kichupa kipya.

Kutuma nje, usitume ethanoli. Ni kimiminika kinachowaka, na ndege itaikataa au kukutoza vingine. Tuma DNA iliyokaushwa au zao la PCR lililokaushwa, na kibali cha kutoa rasilimali za kijenetiki kikiwa mkononi kabla ya kufunga boksi. Kongo ni mwanachama wa Itifaki ya Nagoya ya 2010, na majarida mengi sasa huuliza karatasi hiyo kabla ya kusoma hata ukurasa wa kwanza.

Faili zikirudi, usiamini herufi; fungua mawimbi. Alama ya ubora ya 20 ina maana ya kosa moja kwa besi 100, ya 30 kosa moja kwa 1,000. Ukiwa na samaki 40 wa besi 650 una besi 26,000. Kwa ubora wa 30 unaweza kuwa na makosa 26, na kila moja litajifanya haplotaipu mpya. Kwa hiyo haplotaipu yoyote iliyoonekana kwa samaki mmoja tu ichunguzwe kutoka pande zote mbili, na ikiwezekana kwa PCR ya pili. Kata praima kwenye ncha. Besi zake ni zako ulizonunua, si za samaki.

Kisha tafsiri COI kuwa protini. Hapa wengi hushtuka kuona alama za kusimama katikati. Kabla ya kutupa data, angalia kama programu inatumia msimbo wa mitokondria ya wanyama wenye uti wa mgongo. Katika msimbo huo TGA ni triptofani, si kusimama. ATA ni methionini. AGA na AGG ndizo husimamisha. Ukibadilisha msimbo na alama bado zipo, au mawimbi yana vilele viwili pamoja, au kuna besi zilizopungua ndani ya jeni, hapo shuku nakala ya uongo: kipande cha mitokondria kilichohamia ndani ya kiini cha seli zamani, nacho hubadilika bila kazi.

Hesabu ya uanuwai unaweza kuifanya kwa kalamu, na ifanye mara moja ili ujue programu inafanya nini. Tuseme samaki 24: haplotaipu A 15, B 5, C 3, D 1. Jozi zote ni 24 mara 23 gawa kwa 2, yaani 276. Jozi zenye haplotaipu tofauti ni 75 + 45 + 15 + 15 + 5 + 3 = 158. Uanuwai wa haplotaipu ni 158 kwa 276, yaani 0.57. Sasa zipe jozi uzito wa tofauti zake. Tuseme A na B zinatofautiana besi 1, A na C 2, A na D 1, B na C 3, B na D 2, C na D 3. Jumla ni 75 + 90 + 15 + 45 + 10 + 9 = 244. Gawa kwa 276, upate 0.88, kisha kwa 650, upate 0.0014, huo ndio uanuwai wa nyukleotidi. Ripoti namba zote mbili. Ya kwanza kubwa na ya pili ndogo ni picha tofauti kabisa na zote mbili ndogo, na ni picha ya zote mbili ndogo inayokuhusu ukitafuta waanzilishi wachache. Na unapolinganisha maziwa yenye sampuli zisizo sawa, punguza ile kubwa kwa bahati nasibu hadi ilingane na ndogo kabla ya kuhesabu haplotaipu. Vinginevyo unapima bidii yako ya kununua samaki.

Sasa tilapia wako wawili. Kosa huenda si la macho yako wala la maabara. Kivu ina Oreochromis niloticus wa asili, na O. macrochir aliyeletwa. Hawa huzaana. Mitokondria hutoka kwa mama peke yake, kwa hiyo samaki mwenye mama macrochir na baba niloticus, au hata mwenye bibi wa bibi macrochir na wengine wote niloticus, atasomeka macrochir milele. Ulimwita niloticus kwa ile mistari ya wima kwenye mkia. DNA ikamwita kwa jina la upande wa mama. Vyote viwili vinaweza kuwa sahihi. Usimbadilishe jina kwa COI pekee: andika vyote, ambatanisha picha ya ubavu wa kushoto, hesabu miiba ya pezi, na kama kuna fedha soma jeni moja au mbili za kiini. Tatizo la soko lipo hapa pia, kwani tilapia wa mabwawani na wa barafu kutoka nje huuzwa meza moja na wa ziwani.

Kuna kisa cha Kivu yenyewe kinachoonyesha mpaka wa mitokondria vizuri kuliko mfano wa kutunga. Mwaka 2003 Verheyen, Salzburger, Snoeks na Meyer walitumia eneo la udhibiti kuonyesha kwamba mamia ya spishi za haplokromisi wa Ziwa Viktoria wana asili yao upande wa Kivu, wale samaki wadogo ambao Rwanda huwaita indugu. Kazi hiyo ilileta heshima kubwa kwa ziwa letu. Mwaka 2017 timu nyingine ilisoma DNA ya kiini na kukuta kwamba babu wa kundi hilo lote alikuwa chotara wa koo mbili, moja ya upande wa Kongo na moja ya upande wa Nile. Mitokondria isingeweza kuonyesha uchotara huo, kwa kuwa kila samaki ana mama mmoja na hubeba hadithi yake tu. Kwa haplokromisi pia usitumie COI kutaja spishi: ni wachanga mno kwa umri, na spishi tofauti kabisa kwa meno na rangi hukutwa na haplotaipu moja.

Kwa data uliyo nayo mkononi leo, basi, sentensi unayoweza kuitetea mbele ya jopo ni hii: sambaza 40 walionunuliwa katika masoko ya Bukavu wana uanuwai mdogo wa COI, jambo linalolingana na kundi lililopandikizwa karibuni, na data haina uwezo wa kutofautisha kuchanganyika na kutengana kati ya mabeseni. Weka hesabu ya FST ya hapo juu kwenye sura ya mjadala, ukitaja N uliyoikadiria. Kisha, kama muda wa memwari unaruhusu, panda basi la Uvira na vichupa 60 na lita moja ya ethanoli. Mililita 60 kwa kuanzia, 60 za kubadilisha, na nyingine za kuosha vyombo na kufidia zitakazomwagika kwenye kona za Ngomo.